Kuendesha kamera ndani ya After Effects: picha moja ya Jiwe la Bismarck ionekane kama umeipiga ukiwa kwenye boti

Wadau, wengi mnauliza mbona ukisogeza kamera ya After Effects (programu ya kutengeneza video) picha inaonekana tu imekuzwa, haina kina. Ni kwamba kamera yenyewe haitengenezi kina, kina kinatoka kwenye nafasi unayoacha kati ya leya na leya (yaani tabaka za picha), sasa ukizirundika zote sehemu moja hata ukisogeza kamera mpaka kesho utapata zumu tu. Tutumie picha ya Jiwe la Bismarck, lile la Ziwa Victoria pale Mwanza, mitumbwi mbele, ziwa na mawingu nyuma, kazi ya pikseli 1920 kwa 1080.

Kwanza ikate kwenye Photoshop iwe vipande vitatu: mitumbwi, jiwe, halafu ziwa na mbingu. Hapa usifanye haraka. Pale jiwe lilipokuwa kwenye kipande cha nyuma pazibe na maji na mbingu, la sivyo kamera ikienda pembeni jiwe la pili linachungulia nyuma ya la kwanza na mteja atauliza Mwanza imepata jiwe jipya lini. Kama kuna upenyo kati ya mawe unaoonyesha maji, nao ukate.

Ingiza vipande After Effects, washa kile kiboksi cha 3D kwa kila leya. Kisha bonyeza Ctrl+Alt+Shift+C, chagua kamera ya nodi mbili (yenye kamera na nukta inayotazamwa), lenzi ya 50mm. Bonyeza P (pozisheni) uangalie: kamera imekaa Z (mhimili wa mbele na nyuma) ya -2666.7. Hiyo namba ndo msingi wa kila kitu (ukibadilisha saizi ya kompozisheni au lenzi nayo inabadilika, soma ya kwako).

Sasa tandaza leya. Jiwe libaki Z ya 0. Mbingu isukume nyuma mpaka 2000, itaonekana imesinyaa, usishtuke, ni vile imekuwa mbali. Chukua umbali wake kutoka kwenye kamera, yaani 4666.7, gawa kwa 2666.7, unapata 1.75, basi ikuze iwe 175% na itarudi ilivyokuwa. Mitumbwi ilete mbele, Z ya -800, kwa hesabu hiyohiyo inakuwa 70%. Mi mbingu naipeleka hadi 190% ili kamera ikitembea pembeni isionyeshe weusi kwenye kingo. Ukitazama sasa hivi picha ni ileile, ukiacha mbingu iliyozidi kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Usiweke kifreimu (keyframe, alama ya kurekodi mwendo) hata kimoja kwenye kamera. Tengeneza leya tupu kwa Ctrl+Alt+Shift+Y, iwashie 3D kwanza maana bila hiyo haina Z ya kusogea, halafu shika kile kialama cha konokono (pick whip) kwenye leya ya kamera uivute mpaka kwenye hiyo leya tupu. Kuanzia hapo leya tupu ndo nahodha, kamera inafuata na inachotazama kinafuata pia. Wapo wanaosogeza kamera moja kwa moja, wanapambana na pozisheni huku na nukta inayotazamwa kule, mwisho picha inayumba kama mtumbwi kwenye upepo.

Mwendo sasa. Sekunde ya 0 bonyeza kisaa cha pozisheni kwenye leya tupu, nenda sekunde ya 8, Z iwe 600. Angalia kinachotokea: mitumbwi inakua kwa karibu 47%, jiwe 29%, mbingu 15% tu. Hiyo tofauti ndo macho yanaiona kama kina. Ungetumia zumu ya kamera, vyote vitatu vingekua sawasawa. Chagua vifreimu vyote viwili, F9, kamera inaanza taratibu na kusimama taratibu. Ukitaka kuzunguka jiwe kidogo tumia rotesheni ya Y ya leya tupu, digrii 3 au 4 zinatosha, zaidi ya hapo vipande vinaanza kuonekana ni makaratasi.

Kuna kero moja: ukiweka vifreimu vitatu na viwili vya mwisho vina namba sawa, kamera badala ya kutulia inapinda kidogo na kurudi. Chagua vifreimu, Ctrl+Alt+K, ile njia ya mwendo ifanye ya mstari ulionyooka, imeisha.

Ukungu wa fokasi uwashe mwishoni maana unachosha laptop, hasa yenye RAM ndogo. Bonyeza AA kwenye kamera, washa kina cha fokasi (Depth of Field), umbali wake uwe 2666.7 mwanzoni, yaani kwenye jiwe. Lakini kamera imesogea 600, kwa hiyo sekunde ya 8 umbali weka 2066.7 na F9 kama ulivyofanya kwenye mwendo, la sivyo jiwe litafifia wakati mawingu yanazidi kuwa makali. Hii namba haimo kwenye pozisheni, so kila ukibadilisha mwendo rudi uibadilishe na yenyewe.