Hatua kwa hatua: kupika sombe kwa mawese ya Kigoma bila kuua antioksidanti zake

Wifi yangu kahamia Dodoma na dumu lake la mawese, akanipigia kuuliza mbona sombe yake (kisamvu, majani ya muhogo) inatoka ya kahawia na inanuka moshi, wakati kwetu Kigoma inatoka kijani na mafuta mekundu juu. Tukaongea mpaka vocha ikaisha. Maswali yake ndiyo hayo hayo ninayoulizwa hapa kibandani kwangu Mwanga, nimeona bora niandike kabisa. Mimi nilisomea lishe kabla ya kuingia kwenye biashara ya chakula, kwa hiyo nitachanganya jiko na sababu zake.

Sababu kwanza. Mwili ukitumia oksijeni kutengeneza nguvu unazalisha radikali huru, yaani molekuli zilizobaki na elektroni moja isiyo na mwenzake, na hizo hazitulii, moja inamnyang'anya jirani elektroni, jirani naye anageuka mnyang'anyi, na mnyororo unaendelea hivyo kwenye mafuta ya ukuta wa seli, kwenye protini, mpaka kwenye DNA. Moshi wa sigara, jua kali na pombe vinaziongeza. Mwili una vimeng'enya vyake vya kuzizima, vinavyotegemea madini kama zinki, shaba na seleniamu, na msaada mwingine unatoka kwenye mimea. Vitu vinavyozizima radikali huru ndivyo vinavyoitwa antioksidanti. Vitamini E inakaa ndani ya mafuta ya ukuta wa seli na inaukata ule mnyororo. Karotini, ile rangi nyekundu ya mawese, nayo inafanya kazi upande wa mafuta. Vitamini C iko upande wa maji, na ndiyo inayoirudishia vitamini E nguvu ikishatumika. Kwa hiyo sahani yako inahitaji pande zote mbili, shika hilo maana hatua zote zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Mawese yenyewe

Hapa ndipo watu wanapoharibu kabla hata moto haujawashwa, kwa hiyo nivumilie.

Mafuta kuchacha ni ule ule mnyororo wa radikali huru, safari hii unatokea ndani ya dumu badala ya mwilini. Hewa, mwanga na joto ndivyo vinavyouanzisha, vitamini E na karotini za mawese zinapambana nao mpaka zinaisha, na zikiisha ndo unasikia ile harufu. Maana yake mawese yaliyochacha yametumia ulinzi wake wote yakijilinda yenyewe, hakuna kilichobaki cha kukulinda wewe. Ndiyo maana mimi sinunui mawese yaliyopangwa kwenye chupa nyeupe za maji juani pembeni ya barabara, hata kama ni mekundu, hata kama bei imeshuka. Nanunua yaliyotoka kwenye dumu la rangi lililowekwa kivulini, na nauliza: "Shikamoo mama, haya yamekamuliwa lini?" Mwenye mawese mapya anakujibu kabla hujamaliza swali.

Halafu jaribu. Weka tone kwenye kiganja, sugua na kidole mpaka lipate joto, nusa. Mazuri yananukia ngazi (tunda la mchikichi) iliyochemshwa, utamu fulani hivi. Yaliyochacha yana harufu kali ya rangi ya kupakia milango. Onja kidogo pia, yakikuwasha kooni ujue ngazi zilikaa sana au zilipondeka kabla ya kuchemshwa, kuna kimeng'enya ndani ya tunda kinachovunja mafuta kuwa asidi tunda likishajeruhiwa, na mafuta ya namna hiyo yanaharibika upesi zaidi.

Asubuhi ya baridi mawese yanaganda nusu, chini punje punje za njano na juu maji mekundu. Hayajachakachuliwa hayo, ni tabia yake. Ila mwambie muuzaji akoroge kabla ya kukupimia, kwa sababu karotini nyingi iko kwenye yale ya juu, na wateja wa alfajiri ndio wanaondoka nayo.

Na usichanganye na mafuta ya mise. Yanatoka kwenye mbegu ya ndani ya chikichi hiyo hiyo, ila karotini hayana. Yale mafuta ya mawese ya dukani yaliyosafishwa yakawa meupe nayo rangi imeondolewa kiwandani. Kwa kazi hii mimi natumia mekundu tu, sina mbadala.

Hatua ya 2: Sombe

Chuma majani machanga, twanga yalainike kabisa, chemsha. Hiyo unaijua.

Jambo moja tu la lazima: usifunike sufuria. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kutwanga kunaifungua na mvuke ndiyo unaoitoa, sasa ukifunika unairudisha ndani. Chemsha saa nzima au zaidi, usiharakishe kwa sababu umesoma mahali kwamba kupika sana kunaua vitamini. Kweli vitamini C ya sombe inakufa karibu yote, iache ife, tutaitafuta kwingine. Karotini za majani zenyewe zinavumilia maji yanayochemka. Magadi usiweke, yanalainisha sawa lakini yanamaliza hata vitamini B1, na sombe iliyotwangwa vizuri haihitaji magadi.

Hatua ya 3: Mawese yanaingia lini

Mwishoni. Wifi alikuwa anaanza kwa kuunguza mawese kwenye sufuria tupu mpaka yatoe moshi, eti kuondoa harufu, ndipo anatia vitunguu halafu sombe juu yake. Wengi wanafanya hivi, na wapo wanaoendelea mpaka mafuta yanageuka meupe. Ule weupe ni karotini imeshakufa! Umelipia mawese mekundu, umekula mafuta ya kawaida.

Fanya hivi: sombe ikishaiva na maji yamepungua, pasha mawese moto mdogo kwenye sufuria nyingine, tia kitunguu chekundu kilainike bila kubadilika rangi, kisha nyanya zilizokatwa mpaka zipondeke. Kitunguu kimenye ganda kavu la nje tu, yale matabaka mekundu ya juu juu ndiyo yenye kwesetini nyingi, antioksidanti ya kitunguu, na watu wanayatupa. Nyanya yenyewe inafaidika na moto, likopini yake, ile rangi nyekundu, inaingia mwilini vizuri zaidi ikiiva kwenye mafuta kuliko ikiwa mbichi. Mimina yote kwenye sombe, tia karanga za kutwanga kama unapenda (mimi natia siku zote, nazo zina vitamini E), acha vichemke pamoja dakika kumi, epua.

Kiasi: kijiko kimoja cha chakula cha mawese kwa mtu kinatosha sana kusafirisha karotini. Karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito yanayoganda, sasa ile sombe inayoogelea haikuongezei ulinzi, inakuongezea lehemu (kolesteroli) kwenye damu.

Hatua ya 4: Upande wa maji

Pera baada ya kula. Pera moja la kawaida linamaliza hitaji la vitamini C la siku, na lina zaidi ya mara tatu ya chungwa kwa uzito ule ule. Msimu wa mapera ukiisha, kachumbari yenye limau au kipande cha papai. Kata muda ule ule wa kula, usikate asubuhi ukala jioni.

Kuhusu vidonge

Naulizwa sana kama mtu anaweza kuruka hayo yote akanywa vidonge vya antioksidanti. Jibu langu ni hapana, na kama unavuta sigara ni hapana kubwa zaidi. Finland waliwafuatilia wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, baadhi wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku wakitegemea saratani ya mapafu ipungue. Matokeo yalitoka 1994, waliopewa beta-karotini walipata saratani hiyo kwa 18% zaidi. Kwenye chakula karotini inakuja na wenzake wengi na kwa kiasi ambacho mwili umekizoea, kidonge ni kitu kimoja kwa dozi kubwa. Kama daktari kakuandikia kwa sababu yake, mfuate daktari.

Dumu lililobaki

Wifi, hii ni yako hasa. Dumu la lita tano ukilifungua kila siku unaliingizia hewa kila siku. Ligawe kwenye vichupa vidogo vikavu kabisa, jaza mpaka shingoni, funga, weka kabatini mbali na jiko, tumia kimoja kiishe ndipo ufungue kingine. Na mawese uliyokaangia dagaa usiyarudishe humo.