Mtoto akisoma kimya huku midomo ikicheza, mwache

Wazazi wenzangu wa Bukavu, mtoto akisoma kimya huku midomo ikicheza, msimkemee. Anasikiliza maneno kichwani, na midomo inamsaidia kuyashika. Wengi wetu wakubwa nasi husikia sauti tunaposoma kimya, ila midomo imeshatulia. Jaribu mwenyewe, soma bila kutoa sauti: "Wale watu wa liwali wala wali wa liwali." Umejikwaa, sivyo? Hukutamka kitu, lakini sauti zinazofanana zimekuchelewesha.

Kiswahili humrahisishia mtoto, maana herufi a husomeka a popote. Kifaransa cha darasani ndicho kinachomtesa: o, au na eau zote huweza kutoa sauti ile ile. Kwa hiyo jioni, kabla umeme haujakatika, mpe kwanza ukurasa wa Kiswahili, asome kwa sauti, kisha kwa kunong'ona, kisha kimya. Akikwama kwenye neno la Kifaransa, mtamkie lote, alirudie huku akiliangalia.

Binti yangu nilimkataza kunong'ona mwaka mzima, na bado naumia nikikumbuka. Nilipomwacha, alianza kunisimulia alichosoma.