Jinsi ya Kuchunguza Historia ya Boma la Mpakani: Mfano wa Shangi, Ziwa Kivu

Mtu wa Bukavu anayetaka kuandika historia ya boma la Shangi, ng'ambo ya ziwa upande wa Rwanda, asianze na magofu, bali na madai. Mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ilitangaza mpaka wa mstari ulionyooka, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini-mashariki, na mstari huo uliliweka Ziwa Kivu lote, pamoja na sehemu ya magharibi ya Rwanda, ndani ya Kongo. Wajerumani hawakuukubali. Boma katika nchi ya namna hiyo lilijengwa ili liwe ushahidi wa umiliki, na kila taarifa iliyoandikwa humo isomwe hivyo.

Kisha panga tarehe kabla ya kupanga maelezo. Mwaka 1896 maofisa wa Dola ya Kongo walipiga kambi Shangi, na jeshi la mfalme wa Rwanda lililowashambulia likashindwa kwa bunduki. Mwaka 1897 askari wa msafara wa Dhanis, ofisa wa Dola ya Kongo, waliasi, watu wa Dola hiyo wakaondoka ziwani, na mwaka 1898 Wajerumani chini ya ofisa wao Bethe wakaweka kituo chao Shangi. Tarehe 23 Novemba 1899 Bethe na Hecq, ofisa wa Dola ya Kongo, walikubaliana kwamba kila upande uwe na vituo katika eneo lenye mgogoro hadi serikali zao ziamue, na uamuzi ukapatikana Brussels mwaka 1910: Shangi kwa Wajerumani, kisiwa cha Idjwi kwa Wabelgiji.

Kwa kila tarehe tafuta karatasi za pande zote mbili. Nyaraka za Wabelgiji ziko Brussels. Za Wajerumani ziko Berlin, na nyingine Dar es Salaam. Tafuta majina kwa tahajia ya wakati ule, kwa kuwa ukiandika Shangi, Gisenyi na Idjwi peke yake utayakosa mafaili yenye Ischangi, Kissenji na Kwidschwi.

Sehemu inayohitaji subira zaidi ni wazee, nami naona ndiyo yenye thamani kubwa, maana wapagazi na wakulima hawakuandika taarifa. Usimwulize mzee boma lilijengwa mwaka gani. Muulize shikamoo ikishaitikiwa: nani alikata nguzo, chakula cha askari kilitoka shamba la nani, njia ya sokoni iligeuzwa wapi. Sikiliza Bushi, nchi ya Washi upande wa Bukavu, na Idjwi kama unavyosikiliza Rwanda, na andika masimulizi yanayopingana bila kuyapatanisha.

Ukifika mahali penyewe, omba ruhusa kwa viongozi wa eneo, usipige picha za askari wala za mpaka, na usiguse chuma chochote kilichofukiwa. Vituo vingi vya wakati ule vilikuwa vya udongo na miti, kwa hiyo angalia tuta lililonyooka kupita kawaida, au shimo refu lililojaa nyasi, kuliko ukuta.

Unapoandika, taja kila mwaka ardhi ilidaiwa na nani: mwaka 1896 Shangi ilikuwa chini ya madai mawili ya Wazungu na chini ya mfalme wa Rwanda, na wote watatu watajwe katika ukurasa mmoja.