Kufunga ekzosi mpya kwenye Boxer: somo la leo kutoka Mwanga, Kigoma

Haipiti wiki bila kijana kusimama mbele ya benchi langu ameshika boksi la ekzosi. Juu imebandikwa Akrapovič au Yoshimura, na bei yenyewe inakwambia haijawahi kuiona Slovenia wala Japani. Simkatalii, hela ni yake. Ila kabla sijashika spana namwambia hivi: pikipiki ya Boxer 150 injini yake ni cc 144.8. Hapo unanunua mlio na wepesi. Nguvu hununui, na ukifunga vibaya hata ile uliyokuwa nayo inapungua.

Hatua ya 1: Pima kabla hujalipa. Zungushia uzi kwenye bomba la zamani, unyooshe kwenye rula, gawa kwa 3.14. Uzi wa sentimita 10 maana yake bomba lina upana wa karibu milimita 32. Hizi ekzosi za "inaingia kila pikipiki" nyingi mdomo wake ni milimita 51, na kwenye boksi kuna pete za kuupunguza hadi 38. Bomba lako likiwa jembamba zaidi ya hapo, usijaze vipande vya kopo la soda kama nilivyokuta kwa mmoja wa Gungu. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee pete ya chuma. Na kama bomba na chupa (kile kipande kinene cha nyuma kinachopunguza mlio) vimechomelewa pamoja tangu kiwandani, tafuta ekzosi nzima kuanzia kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Ile ya zamani usiikate. Ifunge kwenye gunia uiweke ndani, siku ya kuuza pikipiki utaitafuta.

Hatua ya 2: Iache ipoe kabisa. Hapa nina kovu. Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi hii, alikuja mteja ana haraka ya kuwahi dagaa Kibirizi. Injini ya moto, stadi (zile bolti zilizochomoza kwenye hedi) zimekula kutu, na mimi nikaweka spana ya boksi nikakaza mkono. Nikasikia "tik", kama kijiti kikavu. Stadi imekatikia kwenye hedi. Nilimaliza siku mbili nikichomelea nati juu ya kipande kilichobaki ili nikizungushe kitoke, na dagaa hakuwahi. Siku hizi nanyunyizia WD-40 jioni, au dizeli kama haipo, naacha ilale, asubuhi nafungua. Nati ikigoma, unairudisha kidogo kuikaza, unailegeza tena, unakwenda nayo hivyo hivyo. Haitaki ubabe.

Hatua ya 3: Legeza nati mbili za kwenye hedi kwa zamu, kisha bolti ya nyuma. Mtu akushikie chupa isining'inie.

Hatua ya 4: Gasketi. Kama una haraka, ruka maelezo yangu mengine yote lakini hapa soma. Ndiyo ile pete ya kuziba moshi usivuje: iko ndani ya tundu la hedi, imebanwa ikalala. Ikishakuwa nyeusi kwa masizi inafanana na hedi yenyewe, ndiyo maana wengi hawaioni na wanapachika mpya juu yake. Pikipiki ikiwaka inalia "ti-ti-ti" pale mbele, mwenye nayo anadhani ni valvu. Ichokonoe taratibu kwa bisibisi ndogo bila kukwaruza aluminiamu, safisha tundu kwa kitambaa, weka mpya ukiipaka grisi kidogo nyuma ili isidondoke unapoingiza bomba. Silikoni usitie hapo, itaungua tu. Na ile ya zamani hata kama inaonekana nzima usiirudishe. Ilishabanwa ikachukua umbo lake, haibani mara ya pili.

Hatua ya 5: Ingiza kila nati na kila bolti kwa vidole kwanza, usikaze hata moja. Kisha kaza za hedi, kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka zikae sawa. Halafu klampu inayobana chupa kwenye bomba. Bolti ya nyuma iwe ya mwisho. Tundu la nyuma lisipolingana, rekebisha kile kipande cha kushikia. Ukivuta bomba kwa nguvu lifike, litakaa limejikaza, na mtetemo utalipasua kwenye mchomeleo. Baada ya hapo panda na abiria, mruke ruke juu ya siti, huku mtu anachungulia kama chupa inagusa tairi au mkono wa tairi la nyuma. Kanyaga na breki ya mguu mpaka mwisho.

Hatua ya 6: Futa ekzosi yote kwa spiriti. Alama za vidole vya grisi zikiungulia pale hazitoki. Washia nje, kamwe si ndani ya chumba, maana moshi huu una sumu isiyo na harufu. Ikishakaa silensa, yaani inanguruma yenyewe bila kuvuta mafuta, pitisha kiganja karibu na maungio bila kugusa, usikilizie upepo. Dakika kumi, zima, ipoe, rudia kukaza.

Sasa mlima. Usiijaribu kwenye tambarare. Anzia chini stesheni upande Mwanga, na madumu mawili ya mawese ya lita 20 nyuma. Bomba pana kupita kiasi linaufanya moshi utembee polepole, na kwenye mzunguko mdogo injini haipumui vizuri. Utaona unashusha gia mahali ambapo zamani ulipita na ya tatu. Ikiwa hivyo, mlio umeulipia mara mbili.

MASWALI

*Fundi, mimi niko Ujiji. Nikiachia mafuta inabutua kama bunduki.*
Anza na gasketi, hapo mbele inavuta hewa. Kama ni nzima, chomoa plagi baada ya kutembea. Ikiwa nyeupe, mafuta ni machache kuliko hewa. Ongeza jeti ya kabureta (kile kitundu kinachopitisha mafuta) namba moja juu, halafu cheki tena. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo tunayoitaka. Nyeusi yenye masizi maana yake umezidisha.

*Mkuu, kile kizibo cha kupunguza mlio ndani ya chupa nikitoe?*
Ukikitoa unakuwa umebaki na bomba tupu. Trafiki wanaijua sauti hiyo kabla hawajaiona namba yako, na Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973. Mimi sikitoi. Nawafikiria waliolazwa hospitali ya Maweni ukipita pale saa saba usiku.

*Kasulu hapa. Yangu haina kabureta, ni ya injekta, na kuna waya umeingia kwenye bomba.*
Hiyo ni sensa ya oksijeni. Bomba jipya lazima liwe na tundu lake. Usiiache inaning'inia wala usiikate waya, kompyuta itapima hewa ya nje na kumwaga mafuta hovyo.

*Shikamoo fundi. Mimi ni abiria tu, nakaa upande nikiwa na kitenge. Boda wangu kabadilisha ekzosi, jana nimeungua mguu.*
Marahaba mwanangu, pole sana. Ukiungua, maji safi ya bomba yapite juu ya kidonda dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kula usipake. Likivimba lengelenge kubwa, nenda zahanati. Na wewe boda unayesoma hapa: ile kava ya chuma ya kuzuia joto uliyoiacha kwenye ekzosi ya zamani, ifungue uje nayo, nitakufungia bure.