SOMO: Kutumia dipoli ya mita 40 nje ya masafa yake bila kuunguza redio

Wengi hapa Goma wana antena moja tu: dipoli (antena ya waya mbili zinazolishwa katikati) ya bendi ya mita 40, yaani wimbi lina urefu wa mita 40 hivi, na waya wa mita kumi kila upande, imefungwa kati ya mgrevilea na bomba la chuma. Imekatwa kwa 7.1 MHz. Halafu mtu anataka kwenda 3.7, au 14.2, au 21.2, na swali ni lilelile: nikirusha hapo, nguvu yangu itafika juu? Jibu linategemea mambo mawili, yaani umbali unaotoka nje ya masafa ya antena, na aina ya waya unaopeleka nguvu juu. Kipimo cha SWR (namba inayoonyesha nguvu inayorudi kutoka antena; 1 ni nzuri kabisa) kilicho mezani kinakuja nafasi ya tatu, na mara nyingi kinadanganya.

Tuelewane kwanza kuhusu sheria. Antena ikikubali masafa fulani, hiyo si ruhusa ya kurusha hapo. Kongo iko Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), kwa hiyo bendi za ridhaa (za wapenzi wa redio) tunazogusa leo ni 3.500–3.800, 7.000–7.200, 14.000–14.350 na 21.000–21.450 MHz. Kwingine sikiliza tu. Mwenye foni (redio ya mawasiliano) ya parokia au ya shirika afuate masafa yaliyoandikwa kwenye karatasi yake ya ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo.

HATUA YA 1: Jua antena inaitika wapi (masafa inayopokea nguvu vizuri)

Usianze na tyuna (kisanduku kinacholinganisha redio na antena). Anza na nanoVNA, kifaa kidogo cha kupima antena. Isawazishe kwanza kwa vile vifuniko vitatu (wazi, shoti, ohm 50), ukivifunga pale pale kebo ya antena itakapoingia. Ukiruka hapo, namba zote zinazofuata ni za kubuni.

Urefu wa dipoli kwa mita ni 143 gawanya kwa MHz: 143 ÷ 7.1 = mita 20.14 kwa jumla, waya ukiwa uchi. Waya wenye ganda la plastiki huhitaji kupungua asilimia 2 hadi 4, ndiyo maana dipoli nyingi za waya wa nyumba huishia karibu mita 19.5. Kata ndefu, kunja ncha, usikate mara moja. Sentimita 10 kwa jumla (5 kila upande) husogeza masafa kama 35 kHz.

Andika namba tatu: pale SWR ilipo chini kabisa, na pande mbili inapofika 2. Kwa waya mwembamba, mita 10 juu, nafasi kati ya pande hizo mbili ni karibu 200 kHz. Ukikuta 600 kHz usifurahi. Antena ya waya yenye upana wa ajabu ni antena inayokula nguvu mahali fulani: kebo iliyoingia maji, kiungo chenye kutu, au baluni (kiungo kati ya kebo na antena) iliyoungua. Tutarudi hapo kwenye maswali.

HATUA YA 2: Hesabu hasara ya kebo

Hapa ndipo watu wanapotea, basi tukae kidogo.

Nguvu isiyopokelewa na antena hurudi chini, hugonga tyuna, hupanda tena. Haipotei kwa kurudi. Inapotea kwa sababu kila safari inapita ndani ya kebo, na kebo inakata kodi kila mara. Kodi ikiwa ndogo, SWR kubwa haina neno. Kodi ikiwa kubwa, umekwisha.

Chukua mita 20 za RG-58 (kebo nyembamba ya koaksi) na redio ya wati 100.

Kwenye 7 MHz, SWR ikiwa 1, kebo hula kama dB 0.75 (dB ni kipimo cha hasara; dB 3 ni nusu ya nguvu), wati 84 zinafika. SWR ikipanda hadi 3 (umetoka pembeni mwa bendi) jumla inakuwa dB 1.2, wati 76 zinafika. Mtu wa upande wa pili hasikii tofauti hiyo.

Sasa peleka dipoli hiyohiyo kwenye 14.2. Pale katikati, ukinzani wake unakuwa ohm elfu kadhaa, na SWR kule juu inafika 60 hivi. Kebo ambayo kwa kawaida ingekula dB 1.1 sasa inakula zaidi ya 9. Katika wati 100, zinazofika ni kama 11. Na jambo la kuangalia: kwa sababu kebo imemeza nguvu iliyokuwa inarudi, kipimo cha mezani hakionyeshi 60, kinaonyesha 7. Tyuna nzuri ya nje inalinganisha 7 bila shida. Mezani 1:1, taa ya kijani, na kebo inapata joto.

Kwenye 3.6 ni vibaya zaidi: hesabu inatoa wati moja au mbili.

HATUA YA 3: Ukitoka kidogo tu

Kutoka 7.050 kwenda 7.190, au ndani ya bendi ya mita 80 kutoka 3.550 kwenda 3.700 kwa dipoli yake, tumia tyuna ya ndani ya redio na usijisumbue. Nyingi hulinganisha hadi SWR 3, yaani ukinzani kati ya ohm 17 na 150 hivi. Bila tyuna, redio ya transista hupunguza nguvu yenyewe SWR ikipita 2. Hiyo ni kinga, si ubovu.

HATUA YA 4: 21 MHz, zawadi ya dipoli ya mita 40

Dipoli huitika tena kwenye mara tatu ya masafa yake. Lakini si mara tatu kamili. Iliyokatwa kwa 7.1 huitika juu kidogo ya 21.3, mara nyingi nje ya bendi kabisa, kwa sababu athari ya ncha (ncha hufanya waya uonekane mrefu kidogo kwa mawimbi) ipo mwishoni tu mwa waya, haipo kwenye vipande vya kati.

Dawa yake: pima mita 3.4 kutoka katikati, kila upande (theluthi ya mkono). Hapo unga kipande cha waya cha sentimita 75, ukikunje kama namba 8 na kukiacha wazi hewani. Kwenye 21 MHz pale ni mahali pa volti nyingi, hivyo kipande hicho kinavuta masafa chini. Kwenye 7 MHz hakisumbui sana. Fungua au finya ile 8 mpaka SWR ya chini iangukie 21.2. Anza na 7, kisha 21. Ukigeuza mpangilio utazunguka siku nzima.

HATUA YA 5: Bendi nyingine, badilisha waya wa kupandisha

Kwa 14 MHz usiongeze tyuna juu ya RG-58. Toa RG-58, weka laini ya wazi, yaani nyaya mbili sambamba.

Vifaa: mita 32 za waya wa umeme wa 1.5 mm² (Birere upo kila duka la umeme), mrija wa plastiki wa fundi umeme wa mm 16, kama mita 3.5, na uzi wa nailoni. Kata mrija vipande 45 vya sentimita 7. Toboa matundu mawili kwa kila kipande, yakiachana sentimita 5. Pitisha nyaya mbili, kipande kimoja kila sentimita 35, kaza kila kipande kwa nailoni kisiteleze. Ukinzani wa laini hiyo unatoka karibu ohm 500.

Urefu: mita 15. Kwenye 14.2 hiyo ni robo tatu za wimbi, na laini ya robo tatu hugeuza ohm 4000 za juu kuwa kama 65 chini. Yaani inafika mezani karibu imelinganishwa tayari. Kwenye 7 na 21 utahitaji tyuna ya nje yenye uwezo mpana, ile ya ndani haitoshi. Hasara kwenye 14 inakuwa sehemu ya dB, zaidi ya wati 90 zinafika.

Laini isiguse bati, isilazwe juu ya mawe, isipite sambamba na bomba la chuma. Iache sentimita 15 kutoka kila kitu. Mlangoni weka baluni ya 1:1: mizunguko 10–12 ya RG-58 kwenye duara la feraiti (pete ya kauri yenye chuma) FT240-43. Usipolipata, mita 6 za koaksi kwenye bomba la maji la mm 110, mizunguko 17, tabaka moja. Kisha koaksi fupi kabisa hadi tyuna, mita moja ikiwezekana.

HATUA YA 6: Kurusha

Wati 10, tyuna ilinganishe. Ukipata 1.5 au chini, panda hadi 50, sekunde kumi, acha. Zima redio kabisa, shika baluni na koaksi. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuacha kidole, shuka. Kisha 100. Kwa FT8 (ujumbe wa kidijitali kwa kompyuta) punguza nusu: inarusha sekunde 12.64 katika kila 15, bila kupumua, si kama sauti.

Usiguse waya wakati wa kurusha. Wati 100 kwenye ohm 4000 ni volti 630, na kwenye ncha ni zaidi.

Kuhusu radi: milima ya Kivu ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani. Mawingu yakishuka, chomoa laini na uitupe nje ya dirisha. Kuichomoa na kuiacha ndani hakusaidii.

MASWALI

*Wa Himbi:* Mkubwa, asanti kwa somo. Antena yangu inasoma SWR 1.5 tangu 3 mpaka 30 MHz. Si ndiyo antena nzuri ya bendi zote?

Hapana, ndugu. Panda, fungua kebo kutoka kwenye antena, iache wazi. Shuka upime. Kebo isiyo na ubovu, ikiachwa wazi, inapaswa kuonyesha SWR kubwa sana. Ikionyesha 3, kebo peke yake inakula dB 3, nusu ya nguvu kabla haijafika popote. Ikionyesha 1.5 ni makaa, itupe. Kata sentimita 10 za mwisho uangalie shaba: ikiwa nyeusi, maji yameingia.

*Wa Kadutu, Bukavu:* Na VHF? Tuko na antena ya 144–146 juu ya gari, tunataka kuitumia na redio ya hospitali, 155.

Hapo usilazimishe, kata. Robo wimbi ni 71.5 gawanya kwa MHz: kwa 145 ni sentimita 49, kwa 155 ni 46. Sentimita tatu tu, kwa msumeno mdogo, kidogo kidogo. Antena hiyo ya 145 inaitika pia kwenye 435, lakini nguvu nyingi inaelekea juu badala ya upeo wa macho, na mita 10 za RG-58 kwenye 435 hula zaidi ya dB 3.

*Wa Lubumbashi:* Niko na Yagi (antena inayoelekeza nguvu upande mmoja) ya vijiti vitatu ya bendi ya mita 20, yaani 14 MHz. Nikiweka tyuna, naweza kuipeleka 18 MHz?

Itakubali, kaka, ila haitakuwa Yagi tena. Kijiti cha mbele kinafanya kazi kwa kuwa kifupi kuliko nusu wimbi. Ukipanda masafa, kinageuka kirefu na kuanza kurudisha badala ya kuvuta, hivyo unaweza kuelekeza Ulaya na kusikika kusini. SWR haitakuambia lolote. Yagi huvumilia kushuka kidogo chini ya masafa yake kuliko kupanda juu yake. Antena zenye mitego (koili zinazozuia masafa fulani) zina ugonjwa wao: karibu na masafa ya mtego, volti ni nyingi na koili inapata moto. SWR ikianza kupanda yenyewe huku umebonyeza, acha mara moja. Vivyo hivyo kwa waya wa mwisho mmoja wenye transfoma ya 49:1, feraiti yake ikichemka.

*Wa Katindo:* Mie nasikiliza tu, sina redio ya kurusha. Nibadilishe nini?

Usibadilishe kitu. Chini ya 30 MHz kelele ya nje ni kubwa kuliko hasara ya kebo, hivyo sauti na kelele vinashuka pamoja. Ondoa chaja ya simu karibu na redio, utapata faida zaidi.

*Wa Himbi tena:* Na bendi ya mita 80 kwa laini ya wazi? Pa kwangu ni mawe ya volkano matupu, fimbo ya ardhi haiingie.

Usihangaike na fimbo. Unganisha nyaya mbili za laini pamoja kule chini, zipeleke kwenye tyuna kama waya mmoja. Dipoli nzima inakuwa kofia na laini inakuwa antena ya wima. Upande wa pili wa tyuna funga nyaya 16 za mita 10, utandaze juu ya mawe kila upande ulio na nafasi. Hazihitaji kuzikwa, na waya mwembamba wa spika unatosha. Zikiwa nne tu itafanya kazi kwa shida, kwa sababu lava kavu haipitishi umeme vizuri na nyaya hizo ndizo ardhi yako. Baluni itoe kwa bendi hiyo, na ncha za nyaya za chini zifunge kwa plastiki, watoto wanapita.