SOMO: Kutumia kome wa mtoni kufuatilia shaba na kadimiamu ya mashambani

Wakuu, swali la jinsi ya kutumia kome (mnyama wa maji mwenye magamba mawili) kupima metali zinazotoka mashambani linarudi kila masika, kwa hiyo naliandika mara moja. Nachukulia mfano wa vijito vya mashamba ya kahawa Kilimanjaro: shaba hutoka kwenye dawa za ukungu, kadimiamu (metali yenye sumu) kwenye mbolea za fosfati. Chupa ya maji inapima dakika ile uliyochota. Kome anachuja maji usiku na mchana, na metali hubaki mwilini mwake.

1. Vituo vitatu: juu ya mashamba, chini ya mfereji wa shamba, na mbali zaidi.
2. Kome wa spishi moja, wanaolingana urefu, kutoka sehemu safi ya bonde lilelile. Usihamishe wa bonde jingine.
3. Kumi wapimwe metali kabla ya kuanza, wawe wa kulinganishia. Kila kituo 15.
4. Kizimba cha wavu wa plastiki na kamba ya nailoni. Waya wa mabati una zinki.
5. Wiki 4 hadi 6, ukitoa waliokufa.
6. Kusafisha tumbo. Kazi nyingi huharibikia hapa. Kome hutoka mtoni na tope tumboni. Ukimkausha hivyo, maabara inapima tope na wewe unaandika "kome". Waweke saa 48 kwenye ndoo ya plastiki, maji ya kituo cha juu yaliyochujwa, ubadilishe kila saa 12 wasije wakachuja tena kinyesi chao. ONYO: maji ya bomba hapana, klorini huwafanya wafunge gamba na tumbo libaki limejaa. Vituo vyote vipewe saa sawa.
7. Fungua kwa kisu cha plastiki, gandisha, kausha nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike. Majibu yawe kwa gramu ya uzito mkavu.

Maswali

— Zinki yangu imepanda vituo vyote. Ni mbolea?
— Kizimba umekifunga kwa kitu gani?
— Waya wa mabati.
— Hatua ya 4.

— Mkuu, nikiwasafisha saa 12 tu? Nina haraka.
— Basi pima tope moja kwa moja, utaokoa kome.

— Manganizi iko juu hata kituo cha juu, ambako hakuna anayepiga mankozebu (dawa ya ukungu). Inakuwaje?
— Swali zuri. Mankozebu ina manganizi na zinki, lakini kome wengi wa maji yasiyo ya chumvi hujiwekea manganizi kwenye chembe za kalsiamu na fosfati ndani ya matamvua (viungo vya kupumulia), hata maji yakiwa safi, na kome mzee anayo nyingi zaidi. Pima matamvua peke yake, linganisha wa urefu mmoja, na usihukumu shamba kwa manganizi pekee.

— Nyongeza: mifereji ya tambarare ina kichocho. Vaeni gambuti ndefu.