Kabla ya kuanza dawa ya kuzuia usingizi wa mchana

Dawa inayotajwa sana kwa watu wanaosinzia mchana kila siku ni modafinili. Nchini Marekani iliidhinishwa mwaka 1998 kwa wagonjwa wa narkolepsi, wale wanaopitiwa na usingizi hata wakiwa mezani wanakula. (Wanaoitafuta ili wakeshe na mitihani, hayo ni mengine.)

Daktari hatakuandikia siku ya kwanza, na asionekane anakuzungusha. Upungufu wa damu husinziisha. Tezi ya shingo ikizembea, sonona, hata piriton unayomeza kila jioni kwa ajili ya mafua, vivyo hivyo. Muulize mnayelala chumba kimoja kama unakoroma, ukakata pumzi, kisha ukashtuka ukihema. Hapo huenda njia ya hewa inaziba usingizini, na kinachotangulia ni mashine ya kusukuma hewa puani, si kidonge. Nenda na daftari la wiki mbili: saa uliyolala, uliyoamka, na ulikosinzia. Pengine utapewa maswali manane ya Epworth, kipimo cha usinziaji wa mchana, kama vile iwapo husinzia ukiwa abiria kwenye gari kwa saa nzima. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ikizidi 10, kuna la kuchunguzwa.

Jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi ni kwamba modafinili hupunguza nguvu ya uzazi wa mpango wa homoni. Kama unatumia vidonge vya majira au kijiti, sema kabla ya kuandikiwa. Utahitaji njia nyingine, kondomu au kitanzi cha shaba, muda wote wa dawa na angalau mwezi mmoja baada ya kuiacha. Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, haikufai.

Pima presha, taja ugonjwa wowote wa moyo au wa akili uliowahi kuupata, na dawa zote unazotumia, warfarini (ya kuzuia damu kuganda) ikiwemo.

Humezwa asubuhi. Nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa 15, kwa hiyo ukiimeza alasiri utakesha, na kesho usinzie zaidi. Siku za mwanzo usishike usukani wala bodaboda. Ukitokwa na vipele, vidonda mdomoni au homa, acha kuimeza na uende hospitali siku hiyo hiyo.